Berea au Macalester: vyuo viwili vidogo vya Marekani

Wengi wakisikia chuo cha Marekani huwaza chuo kikubwa chenye maelfu ya wanafunzi. Viko pia vidogo vinavyofundisha elimu pana. Huko huingii moja kwa moja kwenye fani moja. Unaanza na masomo mbalimbali, historia, hesabu, biolojia, uandishi, kisha unachagua fani kuu. Digrii ni miaka 4. Hapa tunalinganisha viwili vinavyosaidia wanafunzi wa kigeni wasio na fedha.

Berea kiko katika mji mdogo wa jimbo la Kentucky. Kilianzishwa mwaka 1855, na tangu 1892 hakitozi ada ya masomo. Wanafunzi wake ni kama 1,500, wengi wa familia zenye kipato kidogo. Kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki: maktaba, shambani, usafi, hata kufuma na kutengeneza mifagio. Hakuna anayesamehewa. Lakini bure hiyo ina mipaka. Mwanafunzi wa kigeni hugharimiwa malazi na chakula mwaka wa kwanza. Miaka inayofuata huchangia kiasi kutokana na akiba ya kazi za likizo. Ujira ni mdogo, kwa hiyo familia isitegemee kutumiwa fedha.

Macalester kiko mjini, Saint Paul, Minnesota, na kina wanafunzi kama 2,000. Ada yake ni kubwa mno. Hata hivyo, anayekubaliwa hujaziwa kile ambacho familia yake haiwezi kulipa. Ugumu uko mlangoni: kwa waombaji wa kigeni, chuo huangalia pia kiasi cha msaada wanaohitaji, hivyo asiye na kitu hushindana zaidi.

Bendera ya Umoja wa Mataifa hupepea hapo tangu 1950, na Kofi Annan alihitimu hapo mwaka 1961. Mwenyewe alisimulia kwamba aliapa kutovaa vifunika masikio kwa kuwa ni vibaya, mpaka baridi ilipomshinda akanunua vikubwa kuliko vyote dukani. Mji jirani wa Minneapolis una Wasomali wengi, kwa hiyo msikiti na chakula cha nyumbani haviko mbali. Berea ni kimya zaidi, na upweke unaweza kukuuma.

Darasani vinafanana. Wanafunzi ni wachache, mwalimu anakujua kwa jina, na unatakiwa kuongea na kutetea hoja yako. Kwa sisi tuliozoea kunakili ubaoni, huo ndio mtihani mkubwa kuliko baridi.

Kwa maoni yetu, asiye na chochote aanze na Berea, ingawa nafasi za wageni ni chache. Kama vyeti vyako vilipotea njiani, iandikie ofisi ya udahili mapema ueleze ukweli. Ulizia pia hati ya kusafiria ya mkimbizi mapema, maana bila hiyo au pasipoti huwezi kuomba viza. Wala usimpe fedha mtu anayedai anaweza kukuingiza chuoni.