Laini Imekufa Ghafla? Jua Kama ni Mtandao, Simu, Kadi au Mwizi

Siku hizi wengi wetu tunatoka nyumbani bila noti hata moja mfukoni. Nauli ya matatu, mboga ya jioni, kodi ya nyumba, dawa ya mtoto: zote ziko kwa simu. Ndiyo maana mtandao ukipotea hukosi tu kupiga simu. Pochi nzima imefungwa, na wewe uko nje.

Hapo ndipo watu hugawanyika mara mbili. Kuna anayebonyeza tuma, tuma, tuma, hadi pesa zinaenda mara mbili. Na kuna anayesema "ah, itarudi tu," anaweka simu kando na kulala, kumbe mtu mwingine ameshachukua laini yake na yuko kazini.

Laini ikikataa, shida huwa moja kati ya nne: mtandao, simu, kadi, au mwizi. Kwa skrini zote zinafanana: "Hakuna huduma" au "Simu za dharura pekee". Lakini dawa zake ni tofauti, na hiyo ya nne haikungoji. Fuata hatua hizi kwa mpangilio na utajua ni ipi.

Kwanza tulia: pesa haziko kwa kadi

Kadi ya laini haibebi pesa. Pesa zako ziko kwa akaunti iliyosajiliwa kwa nambari yako na kitambulisho chako. Kadi ikivunjika, ikilowa au ikipotea, unapewa nyingine yenye nambari ileile na salio linakungoja vilevile. Kinachoweza kupotea ni majina uliyohifadhi kwenye kadi yenyewe, kwa hivyo ni vizuri kuyahamishia kwa simu au akaunti yako ya intaneti mapema.

Hatua ya 1: Uliza aliye karibu nawe

Kabla hujafungua simu, geuka uulize mtu anayetumia kampuni ya simu kama yako: "Wewe uko na netiweki?" Kama naye hana, shida ni ya eneo zima. Minara ya simu hutumia stima, na ikikatika kwa muda mrefu betri na jenereta za mnara nazo huishiwa. Hapo hakuna cha kurekebisha. Ngoja, au tafuta njia nyingine ya kulipa.

Wakati mwingine alama zimejaa lakini hakuna kinachoenda. Hii hutokea sana penye umati: uwanjani siku ya mechi, kwenye krusedi, sokoni siku ya soko. Zile alama zinakuonyesha nguvu ya mawimbi, hazikuonyeshi kama kuna nafasi. Ni kama kusimama steji: gari unaliona, lakini limejaa. Sogea mbali kidogo na umati au ujaribu baada ya muda.

Kama jirani ana mtandao na wewe huna, endelea.

Hatua ya 2: Toka nje, kisha uamshe simu

Mabati huzuia mawimbi. Nyumba ya mabati yenye dirisha dogo, lifti, maegesho ya chini ya jengo, duka lililo katikati ya ghorofa la zege: kote huko simu inaweza kukosa mtandao ilhali hatua kumi nje uko sawa. Sogea mlangoni au dirishani kwanza.

Kisha washa hali ya ndege, hesabu hadi thelathini, uizime. Ukifanya hivyo simu huachana na mnara iliokuwa imeshikilia na kutafuta upya ulio na nguvu. Ni muhimu zaidi kama umetoka safari, kwa sababu simu inaweza kung'ang'ania mnara uliouacha nyuma. Ikikataa, zima simu kabisa na uiwashe.

Hatua ya 3: Jipigie kutoka simu ya mtu mwingine

Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa pesa. Azima simu ya mtu unayemwamini na upige nambari yako mwenyewe.

Ukisikia mteja hapatikani, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni simu au kadi yako tu ndiyo iliyo na hitilafu. Nenda hatua ya 4. Lakini usiondoe wizi kabisa, kwa sababu mwizi naye anaweza kuwa amezima simu kwa muda.

Lakini ukisikia inaita, na simu iliyo mkononi mwako imenyamaza kimya, hiyo ni hatari. Ina maana nambari yako iko kwa simu nyingine, au simu zako zimeelekezwa kwingine. Uwezekano ni mkubwa zaidi kama saa chache zilizopita mtu alikupigia akijiita mhudumu wa wateja na kukuuliza nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa au PIN. Au ulipata meseji kwamba ombi lako la kubadilisha laini linashughulikiwa, na wewe hukuomba kitu.

Ukifika hapo, achana na kusafisha kadi. Fanya hivi papo hapo:

1. Kwa simu hiyo uliyoazima, pigia kampuni ya laini yako. Sema laini imebadilishwa bila idhini yako na uombe ifungwe pamoja na akaunti ya pesa.
2. Pigia benki yako wafunge huduma za benki kwa simu. Meseji za uthibitisho za benki huja kwa nambari hiyohiyo.
3. Nenda kwa duka la kampuni ya simu ukiwa na kitambulisho chako halisi, urejeshewe nambari yako.
4. Kama pesa zimetoka, piga ripoti kituo cha polisi na upewe nambari ya OB. Utaihitaji unapofuatilia.
5. Waambie jamaa na marafiki. Mwenye nambari yako anaweza kuwaomba pesa kwa jina lako.

Usingoje asubuhi. Laini mara nyingi hubadilishwa usiku au wikendi, wakati mwenyewe hana haraka ya kuangalia simu.

Hatua ya 4: Angalia mipangilio

Kama si wizi, ingia kwa mipangilio ya mtandao wa simu.

Aina ya mtandao. Watu wengi wanaotafuta kasi hufunga simu kwa 4G pekee. Shida ni kwamba kupiga msimbo wa huduma, ule unaoanza na nyota na kuishia na reli, mara nyingi huhitaji simu ishuke hadi 3G au 2G. Ukiifungia 4G, intaneti inaenda vizuri lakini menyu ya pesa inakataa. Rudisha kwa chaguo la kujichagulia yenyewe.

Kuchagua mtandao. Kama unaishi au unafanya biashara mpakani, Busia, Malaba, Namanga, Isebania au Lungalunga, simu inaweza kuvuka mpaka wakati wewe hujavuka. Unapata meseji ya kukukaribisha Uganda au Tanzania na umekaa dukani kwako. Ingia kwa orodha ya mitandao na uchague wa Kenya kwa mkono. Ukisharudi mbali na mpaka, rudisha kwa otomatiki.

Laini mbili. Kwa simu nyingi za laini mbili, ukiwa unaongea kwa laini moja, ile nyingine haipatikani kwa wakati huo. Haijaharibika. Maliza simu uliyo nayo.

Data. Programu ya pesa inahitaji intaneti, lakini msimbo na menyu ya laini havihitaji. Bando ikiisha na programu ikazunguka tu, usiseme mtandao umepotea. Piga msimbo, itaenda. Hata kabambe isiyo na intaneti inatuma pesa kwa njia hiyohiyo.

Ikishindikana, unaweza kuweka upya mipangilio ya mtandao. Itafuta nywila za WiFi na vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha, lakini haitagusa pesa wala picha zako.

Hatua ya 5: Jaribu kadi

Zima simu, toa kadi na uangalie ule upande wa dhahabu. Pangusa kwa kitambaa laini kilicho kavu. Usitumie mate, maji wala kisu. Kadi iliyokatwa kwa makasi ili iingie kwa simu mpya mara nyingi hukaa vibaya au huwa imeguswa mahali pasipofaa. Omba nyingine ya saizi sahihi.

Sasa fanya jaribio la pande mbili. Weka kadi yako kwa simu nyingine, na kadi nyingine kwa simu yako. Kadi yako ikifanya kazi kule, simu yako ndiyo mgonjwa: mpelekee fundi. Ikikataa kule pia, na kadi ya mwenzako inafanya kazi kwako, kadi yako ndiyo imechoka: nenda ubadilishiwe. Jaribio hili lifanye na mtu unayemjua, na ukimaliza hakikisha umeondoka na kadi yako.

Skrini ikikuomba PUK, ina maana PIN ya kadi imekosewa mara tatu. Acha kubahatisha. Ukikosea PUK mara kumi kadi hufungwa milele. Nambari hiyo imeandikwa kwa kile kipande cha plastiki kilichokuja na kadi, au uulize kampuni ya simu. Na usiichanganye na PIN ya pesa, hizo ni nambari mbili tofauti.

Na tableti je?

Angalia kwanza kama ina mahali pa kuweka laini. Tableti nyingi ni za WiFi pekee, na hizo haziwezi kupata mtandao wa simu hata ufanye nini. Zenye nafasi ya laini nazo si zote zinapiga misimbo. iPad, kwa mfano, inachukua laini ya data lakini haina sehemu ya kupiga simu, kwa hivyo huwezi kubonyeza msimbo wa pesa wala kutegemea meseji za uthibitisho zifike hapo.

Ushauri wetu ni rahisi: laini yenye pesa ikae kwa simu. Tableti iwekee laini ya data, au iunganishe na intaneti ya simu yako.

Kama unatumia tableti dukani kuangalia malipo, usikubali mteja akuonyeshe meseji kwa simu yake eti "imeshaenda, ni netiweki yako." Meseji ya uongo ni rahisi kuandika. Angalia salio au taarifa ya akaunti yako wewe.

Mtandao ukikatika katikati ya kutuma

Usitume tena. Ombi lako linaweza kuwa lilifika na kilichochelewa ni jibu tu. Ngoja mtandao urudi, kisha uangalie salio au taarifa fupi ya akaunti. Ukiona muamala na nambari yake, pesa zimeenda. Usipouona na salio halijapungua, hapo sasa tuma tena.

Kwa wakala ni hivyohivyo. Usiondoke hadi meseji ifike kwa simu yako, na kama mtandao wake umelala, usimwachie pesa taslimu kwa ahadi ya "nitakuwekea ikirudi."

Jilinde kabla haijatokea

Dakika tano za leo zinatosha:

- Piga *106# uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, iripoti.
- Kama uko Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe kwa wakala, bali kwa maduka na madawati ya kampuni yenyewe.
- PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala tarakimu za kitambulisho. Hivyo ndivyo vitu vya kwanza mwizi anajaribu.
- Andika nambari ya huduma kwa wateja na ya benki kwa karatasi. Ukiziweka kwa simu pekee, siku simu ikikataa huzipati.
- Laini ya pesa usiiache miezi na miezi bila kuitumia. Laini iliyolala sana hufungwa, na nambari inaweza kupewa mtu mwingine.

Na sisi hatutawahi kukupigia kukuuliza PIN, hata kama mtandao una shida. Anayeuliza, kata simu.

Mtume ujumbe huu mzazi au shangazi yako kule nyumbani, yule ambaye laini ikikataa hukupigia kwa simu ya jirani. Ukifika huko, mfundishe hatua ya 3 kwanza.