Fahamu: Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inawafikisha wapi wanandoa?

Tangu Oktoba 12, 2025, nchi za Schengen zilianza hatua kwa hatua kuchukua picha na alama za vidole za wageni mpakani, mfumo uitwao EES, badala ya kugonga muhuri kwenye pasipoti. Je, mume na mke kutoka Nairobi au Dar es Salaam wanaoishi Berlin wamo? Hawamo, mradi kila mmoja ana kibali cha ukaazi na pasipoti ambayo haijaisha muda.

Kadi hiyo inawafungulia nchi nyingine 28 za Schengen bila viza, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Paris ruksa, Roma ruksa. London na Dublin hapana: Uingereza na Ireland hazimo, huko viza inaombwa. Na ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kufanya kazi.

Kinachowasumbua wengi ni kidogo zaidi: sanduku la barua. Posta ya Ujerumani hufuata jina lililobandikwa, si namba ya nyumba pekee. Mke asiyetumia jina la mume (na kwetu ni wengi) abandike la kwake, la sivyo barua ya benki au ya uhamiaji inarudi ilikotoka. Kujiandikisha manispaa nako ni ndani ya wiki 2 tangu kuhamia.

Jambo jingine dogo la kila siku: chupa tupu za plastiki msitupe, nyingi zina amana ya senti 25. Zirudisheni dukani Jumamosi, Jumapili maduka mengi hufungwa.