Kijana Akipokelewa na Familia Yenye Uwezo: Sheria Inasemaje Kuhusu Kuasili?

Kumchukua mtoto wa ndugu, wa jirani au wa rafiki aliyefariki dunia na kumlea kama wa kwako ni desturi ya siku nyingi nchini. Vijana wengi wamepata elimu, chakula na makazi kwa njia hiyo, na wengine wameingia katika familia zenye mali na majina makubwa kuliko walikozaliwa. Hata hivyo, kijana kuishi katika nyumba ya tajiri, kuitwa "mwanetu" mbele za watu na hata kutumia jina la ukoo wa mwenye nyumba hakumfanyi kuwa mtoto wa familia hiyo mbele ya sheria. Kinachomfanya awe hivyo ni amri ya Mahakama ya kuasili.

Tofauti hiyo huonekana ndogo wakati nyumba ina amani. Hudhihirika siku mlezi anapofariki, ndoa ya walezi inapovunjika, au kijana anapofikia utu uzima na kutaka kujua ana haki gani.

Funzo kutoka Memphis

Mfano unaofahamika duniani ni wa Michael Oher, mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Alikulia katika umaskini mjini Memphis, jimbo la Tennessee, akihamishwa kutoka nyumba moja ya malezi hadi nyingine na wakati mwingine akiwa hana makazi. Akiwa mwanafunzi wa sekondari alipokelewa na familia ya Sean na Leigh Anne Tuohy, wamiliki wa migahawa waliojulikana sana katika mji huo. Mwaka 2006 habari yake iliandikwa kitabu, na mwaka 2009 ikatengenezewa filamu, *The Blind Side*, iliyompatia mwigizaji Sandra Bullock Tuzo ya Oscar. Ulimwengu ukaamini kuwa kijana maskini ameasiliwa na familia tajiri.

Mwezi Agosti 2023, Oher aliwasilisha maombi mahakamani akieleza kuwa hakuwahi kuasiliwa. Hati iliyotolewa mwaka 2004, alipokuwa amekwisha kutimiza miaka 18, ilikuwa ya usimamizi wa kisheria, utaratibu unaowapa watu wengine mamlaka juu ya mambo ya mtu mzima. Familia ya Tuohy ilikana kumtendea hila, ikisema kuwa utaratibu huo ulihitajika ili kijana aweze kujiunga na chuo kikuu na kucheza huko bila kukiuka kanuni za michezo. Mwezi Septemba 2023 Jaji aliufuta usimamizi huo, huku madai yanayohusu fedha yakiachwa yaendelee.

Bila kuingia katika undani wa mgogoro huo, jambo moja liko wazi: kwa karibu miaka 20 umma uliita "kuasili" kitu ambacho kisheria hakikuwa kuasili. Wananchi wa Tanzania wana sababu ya kujiuliza kama nao hawachanganyi mambo hayo.

Kulea, malezi ya kambo na kuasili

Kwa upande wa Tanzania Bara, suala hili linasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Sura ya 13, ambayo inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Hali tatu zinapaswa kutofautishwa.

Ya kwanza ni malezi ya kawaida ndani ya ukoo, ambapo mtoto hukaa kwa shangazi, mjomba, babu au bibi. Malezi haya ni ya thamani kubwa, lakini hayaondoi haki wala wajibu wa wazazi waliomzaa.

Ya pili ni malezi ya kambo. Hapa mtoto hukabidhiwa kwa familia iliyoomba na kuchunguzwa na Ustawi wa Jamii, na Afisa Ustawi wa Jamii huendelea kufuatilia maendeleo yake. Malezi haya yanaweza kufikia mwisho. Mtoto anaweza kurejeshwa kwa wazazi wake, au baadaye kuasiliwa.

Ya tatu ni kuasili. Huu ni uamuzi wa kudumu unaotolewa na Mahakama Kuu. Amri inapotolewa, haki na wajibu wa wazazi wa awali hukoma, na walioasili huchukua nafasi hiyo kana kwamba wao ndio waliomzaa mtoto huyo. Iwapo aliyeasili atafariki bila kuacha wosia, mtoto aliyeasiliwa hurithi kama mtoto wa kuzaliwa. Kijana anayelelewa tu, hata akiwa amekaa miaka kumi katika nyumba hiyo, hapati haki hiyo kwa sababu ya kukaa peke yake.

Nani anaweza kuomba

Sheria haiulizi kwanza mwombaji ana magari mangapi. Inaangalia umri, mwenendo, uwezo wa kulea na, juu ya yote, maslahi ya mtoto. Mwombaji anapaswa awe amevuka umri wa miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Kwa mtu ambaye ni ndugu wa mtoto, umri unaotakiwa ni kuvuka miaka 21.

Sharti la tofauti ya umri lina uzito wa pekee kwa vijana. Kwa kijana wa miaka 15, mwombaji asiye ndugu lazima awe na angalau miaka 36. Mtu wa miaka 30, hata awe na mali na nia njema, anaweza kumsomesha kijana huyo lakini hawezi kumuasili.

Wazazi walio hai wanatakiwa kutoa ridhaa, wakielewa kuwa wanaachia haki zao moja kwa moja. Mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa hiyo pale inaporidhika kuwa mzazi amemtelekeza mtoto, amemtesa au hajulikani alipo. Umaskini peke yake si kosa la mzazi, na kuwa na fedha zaidi hakumpi mtu haki ya kumchukua mtoto wa mwenzake.

Sauti ya kijana

Kijana si mtoto mchanga anayebebwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Anawakumbuka wazazi wake, ana ndugu, ana dini na ana maoni. Kwa sababu hiyo, Sheria inaitaka Mahakama kuzingatia matakwa ya mtoto anayeweza kutoa maoni, na kwa mtoto aliyefikia umri wa miaka 14 ridhaa yake inapaswa kupatikana, isipokuwa pale isipowezekana kabisa kwake kujieleza.

Maana yake ni kwamba hakuna familia, iwe tajiri au maarufu kiasi gani, inayoweza kumuasili kijana wa miaka 16 kwa makubaliano ya watu wazima peke yao. Kijana anayo haki ya kuuliza: nitaitwa nani, nitasoma wapi, nitaendelea kuwaona ndugu zangu? Majibu yanapaswa kutolewa kabla ya amri, kwa lugha anayoielewa.

Hatua za kufuata

Familia inayokusudia kuasili inapaswa kuanzia katika Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Halmashauri inakoishi. Afisa Ustawi wa Jamii hutembelea makazi, huzungumza na wanafamilia na mtoto, na huandaa taarifa itakayoisaidia Mahakama. Maombi huwasilishwa Mahakama Kuu, ambayo inaweza kutoa amri ya muda ili kuona kama familia na mtoto wanaendana, kabla ya kufikia uamuzi wa mwisho.

Amri ikishatolewa, husajiliwa katika Daftari la Watoto Walioasiliwa linalotunzwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Usajili huu usipuuzwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya kijana isiyo na hati huweza kupotea vivyo hivyo pale nyaraka zinapohitajika shuleni, katika maombi ya kitambulisho au katika mirathi.

Kwa upande wa Zanzibar, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 inaweka utaratibu wake na inatambua pia kafala, malezi ya mtoto kwa misingi ya Kiislamu ambayo hayabadilishi nasaba yake.

Umaarufu haufuti masharti

Kwa raia wa kigeni, Sheria ya Tanzania Bara imeweka masharti ya ziada, yakiwemo kuwa ameishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo, kumlea mtoto husika kwa angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii, na kutokuwa na rekodi ya uhalifu.

Nchi jirani ya Malawi ilipitia jambo linalofanana. Mwezi Aprili 2009 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa maombi ya mwanamuziki Madonna ya kuasili mtoto wa pili, kwa kuwa hakuwa mkazi wa Malawi. Mwezi Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Rufaa ilitengua uamuzi huo na kumkubalia. Mahakama hizo mbili zilitofautiana katika tafsiri, lakini mwimbaji anayejulikana dunia nzima alilazimika kusimama mbele ya sheria na kusubiri.

Tahadhari kwa wazazi na walezi

Wapo wazazi wanaokabidhi watoto kwa watu wenye uwezo kwa ahadi ya kwenda kusomeshwa mjini. Baadhi ya ahadi hizo hutimizwa. Nyingine huishia kwa kijana kufua, kupika na kulea watoto wa wengine wakati wenzake wako darasani. Mtoto wa aina hiyo hajaasiliwa wala hayuko katika malezi ya kambo. Anatumikishwa, na Sheria inakataza kazi zinazomdhuru mtoto au kumnyima elimu.

Kadhalika, malipo au zawadi kwa ajili ya kuasili hayaruhusiwi, isipokuwa yale ambayo Mahakama yenyewe imeamuru. Mtu yeyote anayeomba fedha ili "kumtafutia mtoto familia tajiri" aripotiwe Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kupitia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, inayopigwa bila malipo.

Familia ambazo tayari zinaishi na kijana na zinakusudia awe wao kwa haki zote, zisingoje. Akishafikisha miaka 18 si mtoto tena kwa mujibu wa Sheria, na mlango wa kuasili huwa umefungwa. Kwa kijana mwenye miaka 16 au 17, kufika Ofisi ya Ustawi wa Jamii mapema ndiko kutakakoamua kama anaondoka katika utoto akiwa na wazazi wanaotambuliwa na sheria, au akiwa na ahadi tu.