Pombe ya tufaha na vyakula

Pombe ya tufaha (pia: sida) ni kinywaji kinachotengenezwa kwa kuchachusha maji ya matufaha, yaani matunda ya mti uitwao kisayansi Malus domestica. Kwa kawaida kiasi cha alikoholi ndani yake ni asilimia 4 hadi 8, pungufu kuliko divai ya zabibu ambayo mara nyingi ina asilimia 12 au zaidi. Kinywaji hiki hunywewa pamoja na vyakula vingi, vikiwemo vile ambavyo mtu hangevitarajia, kama vile samaki, soseji za pilipili na jibini yenye harufu kali.

Sababu za kupatana na chakula

Mambo manne katika kinywaji hiki huathiri ladha ya chakula.

Uchachu hutokana hasa na asidi maliki, ambayo ni asidi kuu ya tufaha. Asidi hupunguza hali ya mafuta kuganda mdomoni, ndiyo maana chakula cha kukaanga huonekana chepesi zaidi kikiliwa na kitu kichachu.

Ukakasi hutokana na tanini za ganda na nyama ya tunda. Tanini hushikamana na protini za mate na kuukausha ulimi, hivyo hufaa baada ya tonge la nyama yenye mafuta.

Mapovu ya gesi ya dioksidi kabonia huusisimua ulimi na kuusafisha kati ya tonge na tonge.

Sukari iliyobaki bila kuchachuka hutuliza ukali wa pilipili. Alikoholi, kinyume chake, huuongeza. Kwa hiyo pombe tamu ya tufaha yenye alikoholi kidogo hufaa zaidi kwa vyakula vya pilipili kuliko divai kali.

Mifano ya Ulaya

Katika jimbo la Asturias, kaskazini mwa Hispania, soseji za nguruwe zenye pilipili nyekundu hupikwa ndani ya sida yenyewe. Mhudumu humimina kinywaji kutoka juu ya kichwa chake hadi kwenye glasi iliyo chini ya kiuno, ili kiingie hewa. Utamaduni huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2024.

Katika nchi ya Wabaski, mlo wa kawaida kwenye nyumba za sida huwa na mayai yaliyokaangwa pamoja na samaki aina ya chewa, kisha nyama ya ng'ombe ya kuchoma, na mwishoni jibini na jozi. Huko Bretagne nchini Ufaransa, sida hunywewa pamoja na chapati nyembamba za unga wa bakwiti. Mjini Frankfurt, Ujerumani, huliwa jibini chachu yenye vitunguu vibichi.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba kinywaji hiki hakikuanza kama anasa ya mezani. Kilikuwa kinywaji cha wakulima, kikanywewa na chakula kilichokuwepo shambani na jikoni.

Afrika Mashariki na Rungwe

Katika Afrika Mashariki sida hupatikana hasa kwenye chupa za viwandani. Miongoni mwa chapa zinazojulikana ni Savanna ya Afrika Kusini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1996. Matufaha hulimwa katika sehemu za baridi za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kama vile Njombe na Makete.

Suma ni kata ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Katika wilaya hiyo yenye mvua nyingi, chakula cha kila siku ni pamoja na ndizi za kupika, magimbi, viazi, maharage, maparachichi na maziwa. Kanuni zilizoelezwa hapo juu hutumika kwa vyakula hivyo bila kuhitaji viungo vya kigeni:

- Parachichi lina mafuta mengi na uchachu mdogo, hivyo hupatana na sida kavu.
- Ndizi au magimbi yaliyokaangwa, pamoja na chipsi mayai, huhitaji uchachu na mapovu.
- Nyama ya nguruwe, ambayo mitaani huitwa kitimoto, hupatana na tufaha kwa sababu ya mafuta yake. Ndimu inayowekwa pembeni ya sahani hufanya kazi ileile.
- Kachumbari yenye pilipili hufaa na sida tamu.

Vipo pia vyakula visivyopatana nayo. Mboga chungu kama mnavu huonekana chungu zaidi pamoja na sida yenye tanini nyingi. Keki na vitumbua vitamu huifanya sida kavu ionekane kali; kinywaji kinapaswa kuwa na utamu usiopungua ule wa chakula.

Vinywaji vya asili vinavyofanana

Uchachushaji wa matunda si jambo geni katika eneo hili. Wachaga wa Kilimanjaro hutengeneza mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na watu wa Kagera hutengeneza rubisi kwa maji ya ndizi na mtama. Huko Rungwe Wanyakyusa wana pombe ya ulezi iitwayo kimpumu. Vinywaji hivi ni vizito kuliko sida na vyenyewe hushibisha, kwa hiyo hufaa zaidi na nyama au samaki kuliko na mlo mkubwa wa wanga.

Kwa wasiokunywa pombe

Kupatana kwa sida na chakula hutegemea zaidi uchachu kuliko alikoholi. Hivyo mtu asiyekunywa pombe kwa sababu ya dini, umri au afya hapotezi jambo kubwa. Togwa iliyokaa hadi ikachachuka kidogo, mtindi, au maji ya matunda yenye ndimu hukata mafuta vilevile. Watoto, wajawazito na watu wanaotarajia kuendesha chombo cha moto hawapaswi kunywa sida yenye alikoholi, hata kama ladha yake inafanana na ya maji ya matunda.