Sulhu ya Majirani wa Kitui na Makueni

Kitui na Makueni ni kaunti mbili za Wakamba zitenganishwazo na mto Athi, na kwa hesabu ya mwaka 2019 wakaazi wake walizidi milioni mbili, wengi wao wakulima na wafuasi wa makanisa mbalimbali. Upande wa mashariki Kitui imepakana na Tana River, ambako Waorma na Wasomali, watu wa dini ya Kiislamu, huishi kwa kuchunga ng'ombe na ngamia. Na upande wa magharibi Makueni imepakana na Kajiado, nchi ya Wamaasai na mifugo yao. Basi mipaka ya kaunti hizi ndiyo mipaka baina ya jembe na fimbo ya mchungaji, na upande wa mashariki ni mpaka baina ya kanisa na msikiti pia. Mahali palipo hivi amani haijileti yenyewe, bali hufanyiwa kazi kwa mikono ya wale wale ambao kesho wangeweza kupigana.

Ni wajibu kwanza tuujue ugomvi wenyewe. Mkulima wa Ukambani hutegemea zaidi mvua zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, na mvua hizo zinapokosekana, majani hukauka Tana River na Garissa, na mfugaji ambaye mali yake yote ina roho hana budi kuiswaga kuelekea magharibi, hata akafika pande za Mutha, Endau, Ukasi na Ngomeni. Huko ngamia huingia katika mashamba ya ndengu na kunde, na katika saa moja hula kazi ya msimu mzima. Mwenye shamba hutoa mshale, mwenye ngamia hulipa kisasi, na mara watu huyahama makazi yao na shule hufungwa. Asili ya haya yote ni majani na maji. Lakini damu ikishamwagika, ulimi huacha kusema mkulima na mfugaji ukaanza kusema Mkristo na Mwislamu, na hapo ugomvi ambao ungalikwisha kwa fidia ya magunia machache hugeuka adawa ya watu wasiopata kuonana.

Dhana hiyo ilipata nguvu zaidi baada ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa wakawaua watu 148, baada ya kuwabagua wanafunzi kwa dini zao. Njia kuu itokayo Garissa kwenda Nairobi hupita Mwingi, katikati ya nchi ya Kitui, na si ajabu kwamba msafiri mwenye kanzu au mwenye buibui alitazamwa kwa hofu na watu ambao hakuwakosea lolote. Hata hivyo mwaka huo huo haukumalizika kabla ya jibu la ubaguzi huo kutolewa na Waislamu wenyewe: tarehe 21 Desemba, karibu na El Wak, magaidi walilisimamisha basi liendalo Mandera wakataka Wakristo watengwe, na abiria Waislamu wakakataa kuwatoa wenzao. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki dunia. Haifai asahauliwe katika nyumba yoyote ya Ukambani, nchi ambayo walimu wake wengi wamekwenda kufundisha Kaskazini Mashariki.

Wala kuishi pamoja kwa watu wa dini mbalimbali si jambo geni huku. Wamisionari wa Kiskoti walifika Kibwezi mwaka 1891; wale wa African Inland Mission walianza kazi yao Nzaui mwaka 1895; na reli ilipopita Makindu ilileta mafundi kutoka Bara Hindi, ambao miongoni mwao Masingasinga walijenga hekalu lao hapo mwaka 1926. Hadi leo msafiri wa barabara ya Mombasa hupata hapo chakula na mahali pa kulala bila ya malipo, wala haulizwi dini yake wala kabila lake. Ihsani ya namna hii ina nguvu kuliko hotuba nyingi, kwa sababu mtu aliyekula kwa jirani yake ni vigumu kumsadikisha kwamba jirani huyo ni adui.

Wakamba nao wana desturi yao ya mwethya, ambayo kwayo watu wa mtaa hukusanyika kufanya kazi moja kwa manufaa ya wote. Kwa desturi hiyo vikundi vya Kitui, Makueni na Machakos vimejenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu: ukuta hupigwa kukata mto, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga huo, jua lisiweze kuyakausha upesi. Bwawa la namna hii likijengwa mpakani, wenye mashamba na wenye mifugo wakachimba na kubeba mawe kwa pamoja, na zamu za kunywesha zikapangwa kabla ya kiangazi, kila upande una sababu ya kulilinda, na yule avunjaye zamu amewakosea watu wake mwenyewe pia.

Wafugaji nao wana mafunzo ya kutupa. Mwaka 1993, koo za Wajir zilipokuwa zikipigana, wanawake wa huko, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni, wakahakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila ya kufukuzwa. Kisha wakawaendea wazee, na koo zikaafikiana. Mwaka 2001 wazee wa wilaya za kaskazini walikutana Modogashe wakaweka kanuni za malisho, maji na fidia ya mifugo iliyoibwa na watu waliouawa. Tuzingatie kwamba waliopigana Wajir walikuwa wote Waislamu. Ikiwa watu wa msikiti mmoja waliuana kwa ajili ya malisho, basi ni dhahiri kwamba ugomvi wa mpakani mwa Kitui haukuzaliwa na dini, na kwamba kanuni zilizowasuluhisha wao zaweza kutusuluhisha sisi.

Kanuni hizo hazina siri. Mfugaji atume wajumbe kwanza, asiingie usiku na makundi yake. Mapito ya mifugo yajulikane. Shamba likiliwa, wazee wa pande zote mbili walitazame pamoja na fidia ilipwe bila ya kuchelewa. Mwizi ashtakiwe kwa jina lake, si kwa kabila lake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, imezitambua njia za jadi za kusuluhisha maadamu hazivunji haki za mtu, lakini mauaji yabaki mikononi mwa mahakama. Padri, mchungaji wa kanisa na imamu wawe wa kwanza kufika mahali penye msiba, tena wafike pamoja, ili uvumi usiwatangulie. Na wanawake waitwe katika mashauri, kwa kuwa ndio watekao maji na ndio wauzao sokoni.

Wakati wa kufanya haya ni sasa, mvua zinaponyesha na mioyo imetulia, kwa sababu mapatano yatafutwayo baada ya maziko hufanywa kwa uchungu na huvunjika upesi. Serikali za Kitui, Makueni, Tana River na Kajiado zina wajibu wa kuwakutanisha wazee wa pande zote kila mwaka kabla ya kiangazi na kusimamia malipo ya fidia. Na sisi raia tuna wajibu wa kukataa, barazani na kanisani, msikitini na sokoni, kila neno limhukumulo mtu kwa dini yake kabla ya kujulikana alilotenda.