Kutoka Mteja hadi Teja: Jina na Taswira ya Nafsi ya Mtumiaji wa Dawa za Kulevya

Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani. Je, jina baya humfanya nini aliyepewa? Swali hili lina uzito katika Pwani ya Kenya, ambako mtumiaji wa heroini, maarufu kwa jina la unga, huitwa teja.

Kimofolojia, umbo la neno hili ni la mteja aliyevuliwa kiambishi m-. Wingi wake si wateja bali mateja. Ndivyo mtoto anavyogeuzwa toto, na mzee akawa zee, msemaji anapokusudia dharau. Mtu huondolewa katika ngeli ya A-WA, iliyo makao ya binadamu, akatiwa katika LI-YA pamoja na jiwe na gogo.

Mtumiaji naye halipokei jina hilo kwa urahisi. Erving Goffman, katika kitabu chake Stigma (1963), alionyesha kwamba aliyetiwa doa huamini maadili yaleyale ya wanaomhukumu. Kwa sababu hiyo, mtumiaji hujiwekea mipaka. Anayevuta hujiona afadhali kuliko anayejidunga sindano. Anayejidunga hujivunia kwamba haibi. Aliyewahi kuiba hujitetea kwamba hajagusa mali ya mamaye. Mpaka mmoja ukivunjika, hujengwa mwingine nyuma yake. Huu si unafiki. Ni dalili kwamba dhamiri ingali hai.

Hatari huja mipaka inapokwisha, mtu akaanza kujiita teja mwenyewe. Matibabu ya methadoni yalianza nchini katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka 2015. Dawa hii huzuia arosto, yaani mateso ya kukosa unga, lakini kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Yampasa mtu kutoka mchana, kupita mbele ya majirani na kupanga foleni. Aliyekwisha kuamini kwamba yeye ni teja tu haoni faida ya safari hiyo.

Ni kweli kwamba kubadili jina pekee hakumponyi mtu. Hata hivyo, wahudumu wa afya huwaita wanaowahudumia wateja, na kwa neno hilo aliyevuliwa kiambishi hurejeshewa ngeli yake. Jamii nayo inaweza kuanzia hapo.