Sauti inasikika, picha ni nyeusi: juu ya nini video zingine hazifunguki?

Jioni, mtu wa komini ya Dilala, huku Kolwezi, anapokea video ya ndoa kutoka kwa ndugu yake wa Lubumbashi. Imetumwa nzima, kama dokima, nayo imekula mega 80. Anaifungua: nyimbo zinasikika, lakini picha ni nyeusi tupu. Anadhani simu imekufa, ama ndugu ametuma vibaya. Mara nyingi si hivyo. Simu ni nzima na faili ni nzima, lakini simu haijui kusoma kilicho ndani.

Gunia na kilichomo

MP4, MOV ama WebM ni jina la gunia tu. Ndani ya gunia kuna picha, sauti na alama za wakati, ili sauti isitangulie midomo. Picha na sauti hizo zimebanwa kwa njia fulani, na njia hiyo ndiyo inaitwa kodeki.

Kwenye barabara ya Kolwezi kwenda Kasumbalesa, magunia mawili yanaweza kufanana, kumbe moja lina shaba na lingine kobalti. MP4 nazo ni hivyo hivyo: moja imebeba H.264 ya zamani, nyingine HEVC ama AV1. Ndiyo maana kubadilisha jina la faili kutoka MOV kuwa MP4 hakusaidii kitu. Ni kufuta maandishi ya gunia na kuacha kilichomo.

Namna gani video inabanwa

Kiwandani, mawe hayapakiwi kwenye lori vile yalivyochimbwa. Kwanza udongo usio na faida unatolewa. Kodeki inafanya kazi kama hiyo. Mtangazaji akisoma habari, ukuta nyuma yake haubadiliki; ni midomo na mikono tu inayosogea. Kodeki inatuma ukuta mara moja, kisha inatuma mabadiliko peke yake.

H.264 ilitoka mwaka 2003, na leo karibu kila simu inaisoma. Mwaka 2013 zikaja HEVC na VP9 ya Google. AV1 ikafuata mwaka 2018, kazi ya umoja wa makampuni kama Google, Netflix na Mozilla, ambao waliitoa bila kudai malipo ya haki. Kila kizazi kinabana zaidi. HEVC, kwa mfano, ilitengenezwa ili itoe picha ya ubora ule ule kwa karibu nusu ya mzigo wa H.264.

Hesabu yake ni hii: video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde inakula mega 75 kwa dakika 10. Ikibanwa mpaka nusu, ni mega 37 hivi. Kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, hiyo ni faida ya kweli.

Batri nayo inalipa

Lakini kilichobanwa sana kinahitaji nguvu nyingi kukifungua. Simu zingine ziko na sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Isipokuwepo, programu inabeba mzigo wote: simu inapata moto, picha inakwama, batri inashuka haraka. Android ilianza kukubali AV1 na toleo la 10, mwaka 2019, lakini kukubali si sawa na kuwa na chipu yake. Hata iPhone ilipata chipu ya AV1 mwaka 2023 tu, na iPhone 15 Pro.

Mahali ambapo umeme unakatika na watu wanalipa kuchaji simu kibandani, mega zilizookolewa zinaweza kuliwa na batri. Na kobalti ya batri nyingi za dunia inatoka humu humu Lualaba.

Radio ndogo zifanye nini?

YouTube inaweka nakala kadhaa za video moja, kisha inaipa kila simu ile inayoweza kuisoma. Radio ndogo inayotunza video zake yenyewe inaweza kufuata mfano huo: H.264 ndani ya MP4 ibaki kama msingi, na kodeki mpya iongezwe pembeni. Kuiondoa ya zamani ni kuwafungia mlango wenye simu za bei ndogo, na hao ndio wengi.

Kwa sauti, mambo ni rahisi zaidi. Opus, kodeki ya mwaka 2012, ndiyo inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na kuifungua ni kazi nyepesi. Saa moja ya radio kwa MP3 ya kilobiti 128 inakula mega 58 hivi. Kwa Opus ya kilobiti 32 ni mega 14 hivi, na mtangazaji bado anasikika vizuri. Hapo radio inaweza kuanza bila kuumiza batri ya mtu.

Kwa yule wa Dilala, dawa iko. VLC, programu ya bure, inafungua karibu kodeki zote. Na kama ndugu anarekodi kwa iPhone, kwenye mipangilio ya kamera anaweza kuchagua aina inayosomeka na simu nyingi. Faili itakuwa kubwa zaidi, lakini bibi na bwana harusi wataonekana.